Mdoli wa mtoto wa kaka

Mtoto wa kaka yangu ametimiza miezi minane. Kila anachoshika kinaishia mdomoni: funguo, kona ya mkeka, kidole cha bibi yake. Nilipoahidi kumpa mdoli nilijua atautafuna kabla hajajua kuubeba.

Jumamosi nimezunguka Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Midoli imejaa, mingi ya plastiki, nywele za dhahabu hadi kiunoni. Kazi yangu ikawa kuvuta. Navuta jicho, navuta kiatu, nazungusha kichwa. Kiatu kimoja kilichomoka palepale, kidogo kama korosho. Muuzaji akasema, "Dada, huo watoto wote wanaupenda." Lakini boksi lake lina ile alama ya uso wa mtoto uliokatwa mstari, na tarakimu 0-3: asipewe aliye chini ya miaka mitatu. Mwingine ukiubonyeza tumbo unaimba. Nikaugeuza, kifuniko cha betri hakina skrubu, kinafunguka kwa ukucha. Betri zile ndogo za duara naziogopa sana. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu.

Nikaenda kwa fundi cherehani wetu wa mtaani, anishonee mdoli wa kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Macho tuweke vifungo?"

"Hapana mama, yadarizi kwa uzi. Na mdomo pia."

Kitenge nilikifua kwanza mpaka maji yakatoka meupe, maana kinachochuja rangi kitachuja mdomoni mwa mtoto. Fundi alitaka kujaza sufi. Sufi ni nzuri kwa mto, ila mdoli huu utalowa mate kila siku, na sufi ikilowa hugandamana. Tukajaza pamba ya dukani inayofulika, mishono akaipitisha mara mbili. Nywele ni kitambaa cheusi kilichoshonewa kichwani, hakuna nyuzi za kunyofoka.

Uso ni wa kahawia, na hapo sikutaka mjadala. Huko Marekani, miaka ya 1940, Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi midoli iliyofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walisema mweupe ndio mzuri. Kazi ya Kenneth Clark ilitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1954, iliyokataza kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi. Nikiwafikiria watoto wale roho inaniuma. Huyu wetu nataka uso wa kwanza atakaoubusu ufanane na wa mama yake.

Wifi nimemwomba jambo moja: asimlaze nao mpaka atimize mwaka, maana kitu laini kinaweza kumziba pua usingizini. Amekubali, mdoli unalala kabatini.

Kaka mtu, ana miaka minne, ameshauliza wake uko wapi. Namshonesha wiki ijayo. Wake utakuwa na shati la vifungo, vilivyoshonwa vikakaza, ajifunze kufunga na kufungua mwenyewe. Nimemwambia asiuache mkekani karibu na mdogo wake.