Mto ulikuwa juu yetu

Jumamosi binti yangu alikuwa anahamisha maji ya pipa kwa mpira. Akavuta kwa mdomo, yakaja, akatema, akashusha ncha ndani ya bidoni. Halafu: "Papa, mbona hii mayi inakuja yenyewe, na ya ziwa haipandake kwetu?"

Nikamwambia maji yenyewe hayaishii juu kuliko kule yalikotoka. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Goma yote inainuka kutoka hapo kuelekea volkano ya Nyiragongo. Kila ndoo inayofika huku imesukumwa na pampu, au imekuja kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, au kwa mgongo wa mtu. Aliridhika. Mimi moyo ulikuwa umeshakwenda mbali, kwenye ile nyumba ya mbao ya mtaa wa Majengo, mwaka 2013, na mchezo wa kompyuta niliokuwa nikiucheza mle.

Mchezo ni Dwarf Fortress, wa kuwachimbia vibete ngome mwambani, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, waliokuwa wakiutoa bure tangu 2006. Wakati ule ulikuwa alama na herufi tupu, na kibete ni uso mdogo tu kwenye kioo. Lakini mwamba unauchimba ngazi kwa ngazi, na maji yana tabia zake. Kwa majuma matatu, kila umeme uliporudi, nilichimba mfereji kutoka mtoni, ukapita chini ya ghala, ukamwaga kwenye birika kubwa. Juu ya birika, katikati ya ukumbi wa kulia, nikaweka kisima, majeruhi wapate kuletewa maji upesi. Vibete wazima hunywa pombe. Maji ni ya waliolala. Lango moja la kuzuia maji, wenzo mmoja wa kulifungua. Na kibete mmoja nilimpa jina la mama, nikampa chumba kinachopakana na kisima.

Jioni ile niliagiza wenzo uvutwe.

Kina cha maji mle kinahesabiwa kutoka 1 hadi 7. Nikaziona tarakimu za buluu zikikimbia mferejini: 2, 4, 7, 7, 7. Birika likajaa, nikashangilia peke yangu. Kisha ikatokea 1 kando ya kisima, sakafuni. Nikadhani ni tone. Zikawa 1 tano, zikawa 2. Maji yaliyoshuka kwa nguvu yanataka kurudi karibu na kimo cha mto wake, na ukumbi wangu ulikuwa ngazi nyingi chini ya mto. Nikaagiza wenzo urudishwe. Agizo linangoja kibete afike, na lango nalo halifungi papo hapo. 3. 4.

Mama akaingia na bidoni ya lita 20 kutoka ziwani. Aliishusha taratibu, kama ilivyo desturi yake, isimwagike. Akaja akainama nyuma ya bega langu, bado anahema.

"Iyo ya buluu ni nini?"

"Ni mayi, mama."

"Yote ile?"

"Yote."

Akanyamaza. Maji yalikuwa yameshaingia vyumbani. Akaweka kidole, chenye unyevu bado, kwenye uso mmoja uliozungukwa na 6.

"Na uyu ni nani?"

"Ni weye."

Umeme ukakatika. Tukabaki gizani, nikisikia maji ya bidoni yakitulia.

Mchezo ule haukuwa umehifadhiwa tangu mchana. Nilipoufungua kesho yake mfereji ulikuwa mkavu, kila mtu mzima, yeye chumbani kwake. Baadaye nikajifunza kwamba maji yakipitishwa pembe kwa pembe hupoteza msukumo. Nikachimba pembe hiyo kabla ya birika. Hesabu iko sawa. Nimeihamisha ngome ile kutoka flashi hadi flashi, kompyuta tatu sasa, na wenzo sijauvuta. Labda ni woga. Labda nangoja niwe na mtu wa kuketi naye.

Jumapili nilimwonyesha binti yangu. Akauliza nani analala karibu na kisima, nikamtajia jina la nyanya yake. Akalitazama birika tupu muda mrefu.

"Na akiumwa, mayi yake inatokaka wapi?"

"Wanapanda mtoni na ndoo."