Kiwanja cha Goba

Mwaka 2014 dalali alinipeleka Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa bodaboda, njia ya vumbi mwanzo mwisho. Kiwanja cha hatua 20 kwa 20, bei milioni 6. Nikacheka. Nikamwambia huku porini nani atakaa? Mshahara wangu ulikuwa laki nne na ishirini, kwa hiyo ile bei ilikuwa kama miezi 14 ya kazi. Nikaona ghali!

Jumamosi nimerudi. Lami ipo, baa zipo, shule ya mabasi ya njano ipo. Kiwanja cha jirani na kile, ukubwa uleule: milioni 45. Na dalali (siyo yule, huyu kijana) kachukua elfu 20 ya usumbufu kabla hata hatujashuka kwenye bajaji.

Sasa hivi napokea laki tisa. Yaani mshahara umepanda zaidi ya mara mbili, kiwanja kimepanda zaidi ya mara saba. Miezi 14 imekuwa 50, na hapo sijanunua tofali hata moja.

Nikamfikiria mdogo wangu, ndiyo kwanza kaajiriwa serikalini. Kima cha chini kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, tukapiga vigelegele nyumbani. Kwa kiwanja kile ni miezi 90 bila kula wala kupanda daladala.

Mama watoto ananiuliza, "Baba Neema, mwaka ule ulicheka nini hasa?" Sijamjibu. Wiki ijayo tunakwenda kuangalia Kibaha, mbali zaidi na mji.