Nilivyompata Mkufunzi wa Mbwa Wangu

Mbwa wangu alipotimiza miezi saba alikuwa akinivuta kamba mpaka viganja vinachubuka, na kila alipomwona mbwa mwenziwe alibweka hadi povu likamtoka. Nilijua anahitaji mafunzo, ila sikujua namna ya kumtambua mkufunzi anayefaa, kwani katika nchi nyingi hakuna sheria inayomtaka mtu awe na cheti ndipo ajiite mkufunzi wa mbwa.

Darasa la kwanza nililichagua kwa pupa, kwa kuwa mkufunzi wake aliniahidi utii kamili ndani ya wiki nne. Siku ya pili alimvisha mbwa wangu mnyororo unaokaza shingo na kuuvuta kwa nguvu kila alipobweka. Ni kweli alinyamaza. Hata hivyo, nilipoinama kumtazama nilimkuta amefyata mkia, masikio ameyalaza nyuma, anajilamba midomo ilhali hakuna chakula, na macho yake yanayakwepa yangu. Hiyo ilikuwa hofu, na iliniuma kwamba nilikuwa nimesimama pale nikiiita utii. Mkufunzi huyo alipopendekeza tuhamie kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaompiga mbwa shoti, chombo ambacho Wales ilikipiga marufuku mwaka 2010, sikurudi tena.

Baada ya hapo niliwaomba wakufunzi watatu waniruhusu kukaa pembeni na kutazama darasa bila mbwa wangu, jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo. Mmoja alikataa, nami nikamwacha. Wa pili alikuwa mpole, lakini alisimamia mbwa 15 peke yake na hakuweza kumfikia kila mtu. Wa tatu alikuwa na mbwa sita na msaidizi mmoja, na mbwa wenyewe walikuwa wamelegea miili, wanatikisa mikia. Mmoja aliyeogopa wenzake hakuburutwa katikati. Aliwekewa pazia kwenye kona, akafanya zoezi lake huko. Mkufunzi alitoa kipande cha nyama papo hapo makalio ya mbwa yalipogusa chini, kisha akatumia muda mrefu kuwasahihisha wenye mbwa, maana yeye humwona mbwa saa moja kwa wiki na siku zilizobaki ni zetu.

Nilimuuliza hufanya nini mbwa anapokosea. Alijibu kwamba hurahisisha zoezi, kwa sababu huenda amemtaka mbwa afanye asichokiweza bado. Alidai kadi ya chanjo, akanishauri daktari wa mifugo ampime kwanza, kwa kuwa maumivu nayo huleta ukali, na akakataa katakata kuniahidi tarehe ya kufaulu. Kukataa huko ndiko kulikonifanya nimwamini.

Ilituchukua miezi miwili. Asubuhi moja mbwa mwingine alipita ng'ambo ya barabara. Wangu akasimama, akamtazama, kisha akageuza kichwa na kuniangalia mimi, kamba ikiwa imelegea mkononi. Nilimpa nyama yote iliyokuwa mfukoni.