Mkono wa Biskuti

Alifungua kichupa cha karafuu ya kusaga, na kabla hajachota hata kijiko, mimi nilikuwa nimeshafika Wete, kwetu Pemba.

Ilikuwa Desemba 2011, mjini Uppsala, Uswidi. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, makamo ya bibi yangu. Watu wa kule huitana majina, mkubwa kwa mdogo, wala hakuna anayeona ajabu. Mimi ulimi ulinikatalia. Nilimwita Bibi, nikamweleza maana yake, akaipenda mpaka akawa anajiita mwenyewe: “Bibi amekuwekea supu.”

Siku zile saa tisa ya mchana ilikuwa haijafika, na nje jua limeshazama. Nilikuwa nikirudi darasani nalala na koti mwilini. Jioni ile akagonga mlango, akaniambia kwa Kiswidi cha polepole, kile alichoniwekea mimi peke yangu, kwamba tarehe 13 ni siku ya Lucia, siku ya mishumaa, na yeye hajaoka pepparkakor. Njoo unishikie bakuli.

Ukilifasiri jina hilo utapata keki za pilipili, lakini si keki na pilipili hutaiona. Zamani huko kila kiungo kilichotoka mbali kilikuwa pilipili tu. Ni biskuti nyembamba mno, za rangi ya kahawia, zinazokatwa kwa vibati vya maumbo, na umbo wanalolipenda kuliko yote ni la mtu: kichwa, mikono iliyonyooshwa, miguu miwili. Husimuliwa kwamba watawa wa kike wa Vadstena walikuwa wakizioka tangu 1444 kutuliza tumbo. Hilo sikulishangaa hata kidogo. Kwetu nani hajatafunishwa karafuu kwa jino au kwa tumbo?

Tuliyeyusha siagi na sukari na shira nyeusi. Kikafuata kijiko kikubwa cha mdalasini, kikubwa cha tangawizi, iliki kidogo. Halafu karafuu, kijiko kikubwa nacho, kimejaa. Nikamshika mkono. Sufuria ya pilau ya kulisha watu kumi nyumbani tunaitia punje saba, nane, na atakayeuma moja anaitoa mdomoni anaiweka pembeni ya sahani.

“Bibi, karafuu yote hiyo?”

“Bila karafuu,” akasema, “hizi ni biskuti tu.”

Nikakichukua kichupa nikakizungusha kutafuta jina la Zanzibar. Kulikuwa na uzito na tarehe. Nchi haikuandikwa.

Mimi nimekulia kwenye karafuu. Ukifika msimu, Wete yote inakuwa jamvi: barazani, uwanjani, kando ya barabara, popote jua linapopiga pameanikwa. Wanaume wanapanda na kamba na upembo, wanavuta matawi, wanachuma vikiwa bado vitumba, kabla havijachanua. Sisi wanawake na watoto tunakaa chini tunachambua. Unashika kichala kwa kikonyo, unakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, punje zinaruka huku, makonyo yanabaki kule. Usiku, vidole vinawaka. Ukijisahau ukajifuta jicho, umekwisha. Zikishaanikwa, kazi inakuwa kuangalia mbingu, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa haina rangi wala bei. Ningeweza kuwa usingizini kabisa, bibi yangu akiita tu “Mvua!” miguu yangu iko uwanjani na pembe ya jamvi mkononi. Kilo tatu mbichi zinakupa moja kavu, au karibu na hapo. Tunapima, tunauza, inapakiwa, inakwenda. Bibi yangu husimulia jinsi kimbunga cha mwaka 1872 kilivyoiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Lakini inakwenda wapi ile karafuu na inaliwa na nani, hilo hakuna aliyewahi kunisimulia, nami sikuwahi kuuliza.

Unga ulilala kwenye friji usiku kucha. Kesho yake tukausukuma kwa kijiti cha chapati (yeye alikuwa na jina lake, lakini kijiti ni kilekile), mpaka ukawa mwembamba kama sarafu. Akamimina vibati mezani: mwanamume, mwanamke, moyo, nyota, mbuzi, na nguruwe. Yule nguruwe alimwokota kwa vidole viwili, akafungua droo, akamtia, akaifunga. Hakusema neno. Nilikuwa naosha mikono, na nadhani hakujua kwamba nimemwona. Nimekaa naye miaka miwili, na hakuna zawadi aliyonipa inayoipita hiyo.

Nikachukua kibati cha mtu, mkono ukasita. Chuo cha Kurani tulifundishwa tusiunde sura za viumbe, na mafunzo ya utotoni hayatoki kwa sababu umevuka bahari. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia. Akafikiri.

“Basi wewe kata nyota,” akasema. “Watu nitakata mimi.”

Tukafanya hivyo. Kila trei ilikaa kwenye jiko dakika tano tu. Zikitoka ni laini, zinataka kuachwa kidogo zikauke ndipo ziguswe. Mimi sikungoja. Nilipitisha mwiko chini ya mtu mmoja kumhamisha, mkono wake wa kulia ukabaki kwenye trei.

Niliuokota nikawa nautazama. Bibi akadhani nimehuzunikia biskuti. Akachanganya sukari ya unga na ute wa yai, akapaka begani kwa ncha ya kijiti cha meno, akaubandika mkono mahali pake na kuushikilia, midomo yake ikihesabu kimya kimya. Ukashika. Lakini ulishika ukiwa umepinda kidogo, na mstari mweupe ukabaki begani.

Ndipo nikamwambia habari za ami yangu. Mikarafuu ni mirefu, na tawi lake linakatika ghafla, halikupi muda. Ami alikuwa na miaka ishirini na moja. Mimi nilikuwa chini nachambua, nikasikia kitu kinakuja kinavunja matawi, nikadhani wameangusha gunia. Mkono wake wa kulia uliungwa na mtu wa kijijini, ukapona, lakini haukunyooka tena, na tangu siku hiyo anakula, anaandika na anapiga nyundo kwa kushoto. Watu wanasema alijaaliwa, kwa kuwa wapo walioanguka msimu uleule hawakuamka.

Bibi alikuwa ameacha kusukuma unga. Alikaa chini, mikono juu ya aproni.

“Nimeoka hizi kila Desemba tangu nikiwa mtoto,” akasema, “na sikuwahi kufikiri kuna mtu juu ya mti.”

Akanyamaza. Kisha akaniomba nimwonyeshe inavyochambuliwa. Karafuu ya kichala haikuwepo, nikamwonyesha kwa tawi kavu la maua lililokuwa kwenye chombo dirishani: unashika hivi, unasokota hivi. Akasokota. Nikamrekebisha kidole gumba.

Baadaye tulifanya lile jambo lao la kuomba: unaweka biskuti kiganjani, unaigonga kwa kifundo cha kidole, ikivunjika vipande vitatu unalopata ni lile uliloliomba moyoni. Yangu ilitoka vipande vinne. Tukaila na chai.

Yule mwenye mkono wa kuungwa hatukumla. Biskuti hizi hukaa miezi ndani ya mkebe uliofungwa vizuri, na Juni nilipokwenda nyumbani likizo, nilimbeba na wenzake sita, kila mmoja ndani ya karatasi laini. Bibi wa Uppsala aliwafunga mwenyewe.

Bibi wa Wete alipokea mmoja, asimtazame hata umbo. Alimpeleka puani, akafumba macho.

“Karafuu yake ilikauka sawasawa,” akasema. “Nani kaianika?”

Nikamwambia sijui, Bibi, haikuandikwa. Alitikisa kichwa, akaendelea kunusa.

Ami alikuwa kizingitini. Nikampelekea mkebe achague. Aliwapitia mmoja mmoja, akafika kwa yule mwenye mstari mweupe begani, akamtoa kwa mkono wa kushoto, akamgeuza kwenye mwanga, akaupitisha ukucha juu ya ule mstari.

“Huyu nani kamuunga?”

“Bibi mmoja wa kule.”

“Kamuunga vizuri,” akasema Ami, akamla kuanzia miguuni.