Imekua kwenye daftari

Swali la kumi na moja ndilo nililojibu kwa uhakika kuliko yote ya usiku ule. Ndilo nililokosa.

Najiandaa kufanya GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara. Mchana natunza hesabu za watu, usiku najifungia chumbani hapa Nyakato, Mwanza, na kitabu cha mazoezi, feni ikinigeuzia kurasa bila kuombwa. Sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili kwa swali hazitimii, na Kiingereza chake ni kile cha kusoma sentensi mara mbili ndipo ujue nani kamfanya nani nini. Hesabu hazinisumbui. Kinachonitoa jasho ni maswali ya hoja: mtu anadai jambo kwa mistari mitatu, halafu unaulizwa, kati ya majibu haya matano, lipi likiwa kweli linadhoofisha hoja yake?

La usiku ule lilihusu biashara. Nalisimulia kwa maneno yangu, na bidhaa nimeibadilisha niweke samaki, kwa sababu mimi ni mtoto wa Mwaloni, soko la samaki. Nchi moja ilipunguza ushuru wa forodha kwa samaki wakavu wanaotoka nchi jirani. Mwaka uliofuata, tani zilizoandikishwa mpakani ziliongezeka maradufu. Waziri akasema: mnaona, kupunguza ushuru kumekuza biashara ya samaki kati yetu na jirani.

Nilichagua jibu lililosema kwamba mwaka huo serikali ilikusanya mapato kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mhasibu nifanyeje? Nikiona mapato yameshuka mkono unakwenda wenyewe. Lakini waziri hakusema mapato yamepanda, alisema biashara imekua. Ningekuwa nakaa naye meza moja ningekuwa nimemgombeza kwa sera mbaya huku hoja yake imekaa palepale, haijaguswa hata ukucha.

Kulikuwa na jibu jingine lenye mtego mzuri zaidi: bei ya mafuta ya malori ilipanda mwaka uleule. Linanukia tatizo, na mtu mwenye haraka atalinyakua. Ukitulia unaona linambeba waziri. Kama usafiri ulikuwa ghali na bado mzigo uliongezeka, basi ushuru mdogo una nguvu kweli. Hilo la kwamba walaji wa nchi ile wanapenda samaki wabichi nalipita, halikuwa na kazi pale zaidi ya kujaza nafasi.

Jibu sahihi: kabla ya ushuru kupunguzwa, wafanyabiashara wengi walikuwa wakipitisha samaki wao bila kuwaandikisha forodhani.

Niliusoma ufafanuzi wake mara tatu nikiwa nimenuna. Kisha nikamkumbuka mayu, yaani mama, nikacheka peke yangu.

Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, tangu sijazaliwa. Miaka yote alichoandika ni madeni tu. Aliyelipa taslimu hakuwa na haja ya kuandikwa, pesa yake ilifungwa kwenye pindo la khanga na habari ikaishia hapo. Mwaka huu, Januari, nikamnunulia kauntabuku jekundu lenye jalada gumu, nikamwelekeza kijana anayemsaidia: kila gunia linalotoka liandikwe, la mkopo na la taslimu. Kufika Aprili nikakaa na kompyuta, nikalinganisha na madaftari ya zamani, nikapata mstari unaopanda kama njia ya kwenda Bugando. Jumapili nikaenda nao sokoni kwa mbwembwe zote.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mzigo ulioanikwa mchangani. Alikuwa anaweka kando vijiwe na vifuru vidogo vilivyokaukia humo, vidole vinakwenda bila macho. Nikamwambia, "Mayu, tangu tuanze kuandika biashara imekua." Akautazama mstari wangu, akautazama mkono wangu ulioshika kompyuta, akarudi kwenye dagaa wake.

"Biashara ni ileile, mwanangu. Imekua kwenye daftari."

Siku ile nilijibu kitu cha kujitetea, sikumbuki nini. Usiku wa swali la kumi na moja ndipo nilipoona kwamba forodha ni lile kauntabuku. Ushuru ukiwa mkubwa mtu anapita njia za panya, ananyeshewa, anahonga, analala porini. Ushuru ukishuka anaona taabu yote ile ya nini, anapita mlango wa mbele na risiti anachukua. Samaki ni walewale. Tani zilizoandikwa ni kweli ziliongezeka, waziri hajadanganya. Ila kutoka "zimeandikwa nyingi" hadi "biashara imekua" kuna shimo, na jibu lile lilikuwa linaonyesha kidole shimoni.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchosha. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, kwenye daladala kila mtu alikuwa na hesabu yake ya malori yanayopita. Nalipenda daraja lile, foleni za kivuko zimenila saa nyingi za maisha. Lakini siku hizi mtu akiniambia malori yamejaa pale kwa hiyo biashara na Sengerema imekua, swali langu ni moja: mangapi kati ya hayo yalikuwa yanavukia kivuko kingine, cha Kamanga? Jirani yangu wa siti aliniuliza kama nimetumwa na upinzani.

Juzi nikajaribu ujuzi wangu kwa mayu mwenyewe. Alikuwa analalamika mzigo umepungua wiki nzima. Kisa chake: kuna mnunuzi visiwani anawakopesha wavuvi mafuta na nyavu, basi dagaa wote wanaishia mikononi mwake kabla ya kufika Kirumba. Nikafurahi moyoni, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa imetanda. Siku za mwezi mpevu taa ya mvuvi, ile ya kuwavuta dagaa gizani, haina kazi, maji yenyewe ni meupe, mitumbwi inapumzika. Sababu nyingine kabisa, tena ya kwenye kitabu! Nikamwambia, "Mayu, huyo mnunuzi mnamsingizia. Tazama juu."

Hakutazama juu. Alikuwa anafunga mdomo wa gunia, sindano ya katani ikiwa imebanwa kwenye meno, akaitoa kwanza.

"Mwezi naujua kabla hujanijua. Na mwezi uliopita haukuwa mpevu? Tulipokea magunia mangapi siku kama hizi? Si umeandika wewe?"

Nikafungua kauntabuku, nikarudi nyuma kurasa nne. Siku kama zile, mwezi uliopita, magunia yalikuwa karibu mara mbili ya haya.

"Ehee," akasema, akarudisha sindano mdomoni.