Boliti nne za Tokyo

Kazi yangu ni kukata makontena hapa Mtwara. Kibanda cha miamala, saluni, banda la chipsi, ofisi ya mnunuzi wa ufuta: nipe kontena la futi ishirini, natoa mlango, natoa madirisha, napiga plaiwudi ndani ili mtu asiive mchana. Kwa hiyo jengo la Nakagin naliangalia kifundi, wasanifu wanisamehe.

Lilikuwa Tokyo, eneo la Ginza, kazi ya msanifu majengo Kisho Kurokawa, likakamilika 1972. Minara miwili ya zege, na vyumba 140 vya chuma vimeshikizwa ubavuni. Kila chumba kilitengenezwa kiwandani, kikaja kizima kwa lori, kreni ikakipandisha, kikafungwa kwa boliti nne. Nne tu! Upana mita 2.5, karibu sawa na kontena langu. Urefu mita 4, yaani kontena linakizidi kama mita mbili. Humo humo kitanda, meza ya kukunja, televisheni, choo na bafu, na dirisha moja la duara. Jiko hakuna.

Kinachoniuma ni ule mpango wenyewe. Kurokawa alitaka kila baada ya miaka 25 vyumba vichomolewe, vije vipya, zege libaki. Hakikuchomolewa hata kimoja. Watu wanataja asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), kutu na mabomba yaliyovuja, na kweli vilikuwepo. Lakini kutu nimeizoea, ina dawa. Shida ni kwamba kila chumba kilikuwa na mwenyewe, na vilibanana kiasi kwamba ukitaka kutoa cha chini sharti uanze na vya juu yake. Sasa nani atoe hela ya kreni kwa ajili ya chumba cha jirani? Mwaka 2007 wamiliki walipiga kura libomolewe. Mwaka huohuo Kurokawa akafariki. Jengo likaendelea kuzeeka pale pale mpaka Aprili 2022, ubomoaji ulipoanza. Vyumba 23 viliokolewa, kimoja kikaenda makumbusho ya San Francisco.

Heri hivyo kuliko kuvipeleka chuma chakavu, sawa. Ila chumba kimoja ndani ya makumbusho mimi sikihesabu kuwa jengo limehifadhiwa. Nendeni Mikindani mkaone Boma la Wajerumani la 1895: leo ni hoteli, wageni wanalala, wanalipa, kuta zinapakwa rangi.

Sasa kuna kijana ana kiwanja Chuno, hapa hapa Mtwara, anataka makontena mawili juu ya mawili, apangishe. "Kaka fundi, yachomelee yote pamoja, yasitikisike." Nimekataa. Chumvi ya pwani hii haina subira. Kutu inaanza chini na kwenye kona, kule brashi isikofika. Nimemchorea nafasi ya mtu kupita ubavuni, na la juu likae kwenye fremu yake ya nguzo za chuma, lisimkalie mwenzake mgongoni. Boliti tupu, ili lolote litoke bila kugusa jingine. Gharama inapanda, sijamficha. Nikamwambia pia kila mwaka kodi ya mwezi mmoja aiweke pembeni kwa ajili ya rangi.

"Kaka, wewe fundi au mhasibu?"

Anasubiri minada ya korosho ndiyo aamue. Makontena tayari ameshayalipia malipo ya kwanza.