Kanga ya mama kwenye kioo

Hela ya korosho imeingia. Leo tumezunguka maduka ya hapa Mtwara mjini kumtafutia mdogo wangu laptop, anasomea usanifu wa picha na video.

Muuzaji kang'ang'ania moja yenye taa kwenye kibodi. Nikauliza RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. GB 8, tena imeunganishwa kwenye bodi, huongezi. Kwa video? Thubutu!

Dogo hakuuliza kitu. Kila mashine anafungua picha ya kanga ya mama, anainamisha kioo taratibu.

"Kaka, nyekundu ya mama imekuwa pinki."

Muuzaji kimya 😂

Iliyotuingia moyoni ina RAM ya GB 16, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya GB 512, kioo cha aina ya IPS. Ukikiinamisha, rangi haihami. Ila haina kadi ya picha inayojitegemea, ile ya kusaidia kazi nzito za video.

Mnaohariri video, tuichukue hivyo hivyo?